Mngurumo Chini ya Kiti cha Nyuma

Barua kutoka Kaniama ilichelewa njiani, ikafika Kamina Jumatatu asubuhi. Kabla ya saa sita mchana kila mama wa kwaya alikuwa ameisoma au amesomewa. Mtoto wa Mama Salomé angepewa upadri Jumapili ya wiki ileile, na parokia ya kule ilitaka kwaya ya mama yake ije iimbe. Haikutaka kwaya kubwa ya vijana yenye ngoma na magitaa. Ilitaka hawa, wanawake wanane waliozoea kuimba kwa koo tupu, wakiongozwa na Dorothée Mbayo, muuza unga wa mahindi mwenye sikio lisilomsamehe mtu. Dorothée akikwambia, "Weye, umeshuka kidogo," hukubishana naye. Ulipanda.

Wote wanane waliweza kuenea katika gari moja. Hilo ndilo lililowafurahisha, na hilohilo ndilo lililokuwa tatizo.

Gari lilikuwa la Dorothée na mumewe, Mathieu Lumbu, mstaafu wa reli. Lilikuwa gari la Kijapani la zamani, refu nyuma, lenye safu tatu za viti, na umri wake ulimzidi binti yao mkubwa, Gisèle. Mathieu aliliendesha miaka mingi mpaka macho yake yaliposhindwa na vumbi la barabarani, ndipo mkewe akashika usukani. Injini ilikuwa nzima. Breki zilishika. Lakini tangu mvua ziishe gari lilikuwa na ugonjwa. Likifika kilomita sitini kwa saa, sakafu ya nyuma ilianza kutetemeka, vioo vikalia, na waliokaa kiti cha mwisho wakashindwa hata kuzungumza.

Fundi wao, Kitwa, alikuwa na jibu moja tu: pneu, yaani tairi. Alihamisha tairi za nyuma akazipeleka mbele. Akabandika vipande vya risasi kwenye rimu ili magurudumu yawe na uzito sawa pande zote. Akabadilisha beringi. Kila alipomaliza alitoka na gari peke yake, akarudi anatabasamu.

"Mama Dorothée, motokari iko safi. Nilikimbiza mpaka themanini. Hakuna kitu."

Kisha Dorothée akapakia watu, na ugonjwa ukarudi.

Jumatatu ile jioni, mezani, Mathieu alisukuma sahani yake pembeni. "Mama Gisèle, na hii motokari hamutafika Kaniama. Chuma kikitetemeka vile, kiko natafuta fasi ya kukatika."

Hakusema ovyo. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupita kando ya mabehewa na nyundo mkononi, akigonga magurudumu na kukagua vyuma kabla treni haijaondoka. Dorothée alijua kwamba mumewe akisema chuma kimechoka, kimechoka. Lakini alijua pia kwamba hakukuwa na gari lingine, na kwamba Mama Salomé alikuwa ameshatoa kitambaa chake kipya sandukuni.

"Siku sita," akasema. "Tunaweza kufanya bintu mingi mu siku sita."

Jumanne kwaya ilifanya mazoezi mchana, kisha Dorothée akawarudisha wenzake nyumbani. Walijaa wote wanane. Walipotoka kwenye mashimo ya sokoni na kushika kile kipande cha barabara kilichonyooka kuelekea Base, kambi ya jeshi, alikanyaga mafuta kidogo ili amalize haraka. Sindano ilipogusa sitini, ule mtetemo ukaamka chini yao.

Mama Salomé, mwenye sauti nene kuliko wote, alikuwa kiti cha mwisho. Badala ya kulalamika akaanza kuufuatisha. Alifumba mdomo akatoa sauti ya chini kabisa, akaishusha, akaishusha, mpaka ikakaa sawasawa juu ya ule mngurumo. Wanawake wakacheka.

Dorothée hakucheka.

"Salomé, endelea," akasema. "Usiache. Endelea vilevile."

Kwa miezi alikuwa ameuita mtetemo. Leo, kwa kuwa kulikuwa na sauti ya mtu kando yake, aliusikia ulivyo. Ilikuwa noti. Noti nene, iliyonyooka, isiyopanda wala kushuka. Akapunguza mwendo hadi hamsini, noti ikashuka. Akarudi sitini, ikapanda, ikakutana tena na sauti ya Salomé. Akabadilisha gia, kutoka ya nne kwenda ya tatu, bila kubadilisha mwendo. Injini ikapiga kelele mpya, ya juu. Noti ile haikujali. Akatoa gia kabisa, akaliacha gari liteleze lenyewe. Noti ikabaki palepale, ikawa inafifia polepole jinsi gari lilivyopungua mwendo.

"Haiko moteur," akasema. Injini haikuwa na kosa.

"Nani alisema iko moteur?" akauliza mwanamke wa kiti cha kati.

"Hakuna. Lakini sasa tunajua."

Akawashusha mmoja mmoja, kila mtu mlangoni kwake. Kila baada ya kushusha wawili alirudi kwenye barabara ile iliyonyooka, akafika sitini, akasikiliza. Wakiwa sita, noti ilikuwepo. Wakiwa wanne, ilikuwa nyembamba. Walipobaki yeye na Salomé tu, gari lilikwenda kimya kama gari la gavana.

Dorothée akasimamisha gari kando ya barabara. Kitwa hakuwa mwongo, basi. Alilijaribu gari tupu, nalo gari tupu halikuwa na ugonjwa.

"Iko naimba kama iko na bantu," akasema taratibu. "Salomé, umesikia? Kama haina bantu, inanyamaza."

"Nimesikia," akasema Salomé. "Sasa unataka kufanya nini?"

"Kubaita tena."

Wakarudi kuwachukua. Mmoja alikuwa ameshaanza kusonga ugali, akaja na mwiko mkononi. Hakuna aliyeelewa vizuri kwa nini anarudishwa garini, lakini wote walipanda, na jua likiwa bado juu ya miti walipita mara ya mwisho kwenye barabara ile. Kwenye sitini, noti ilikuwa inawangoja. Safari hii wote wanane waliifuatisha kwa midomo iliyofumba, na mwanajeshi aliyekuwa akipita na baiskeli akashuka ili awatazame vizuri.

Jumatano asubuhi Kitwa hakuwepo. Alikuwa ameitwa kwenye lori lililokwama njia ya Kabondo-Dianda, na hakuna aliyejua angerudi lini. Dorothée akageuza gari, akaenda kwa Nasibu.

Nasibu alikuwa mchomelea vyuma, nyuma ya maduka ya watu wa Maniema. Alitengeneza milango, vitanda na madirisha ya vyuma, lakini pia alikuwa ameunganisha chasisi za malori ya wajomba zake, na ilisemekana kazi yake haikuwahi kukatika mahali alipopitisha moto. Alikuwa mtu wa maneno machache, wa miaka kama thelathini na tano. Alimsikiliza Dorothée mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akaweka chini nyundo.

"Mama, imba ile sauti."

Dorothée akaiimba, juu kidogo kuliko ilivyokuwa, kwa sababu koo lake halikufika chini kule.

"Pneu ikiwa na kasoro," akasema Nasibu, "inapiga. Pa, pa, pa, pa. Unaweza karibu kuihesabu. Haiimbi. Kitu kinachoimba kiko nazunguka mbio kupita pneu." Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa. "Na kule chini, kitu kinachozunguka mbio kupita pneu, hata kama umetoa gia, ni kimoja. Kardani."

Kardani ni ule mti mrefu wa chuma uliolala chini ya gari, unaopeleka nguvu kutoka kwenye gia mpaka kwenye ponti, yaani ekseli nzima ya nyuma. Nasibu alieleza kwa kutumia viganja vyake viwili. Kwenye kila ncha ya kardani kuna kiungo kinachokunja. Kiungo cha mbele kikikunja kidogo, na cha nyuma kikikunja kadiri hiyohiyo, vinafutana, gari linatulia. Kimoja kikizidi kingine, kardani inazunguka kwa kusitasita, na kusitasita kule kwa kasi ndiko kunakokuwa sauti.

"Sasa juu ya sababu gani inazidi kama bantu bako ndani tu?" akauliza Dorothée.

"Njo ile ninataka kuona. Ita chorale."

Kwaya ikaja, wote saba, wamefurahi kuitwa. Nasibu alipandisha gari juu ya mataruma manne ya reli, yale magogo mazito, magurudumu yakiwa yamekaa juu yake na kuzuiwa na mawe mbele na nyuma. Akaingia chini na kifaa alichoazima kwenye mkoba wa shule wa binti yake Riziki: kile kipimapembe cha plastiki cha hesabu, alichokifunga uzi na nati ndogo. Uzi ulining'inia wima, na pembe ikasomeka pale ulipokatiza.

Gari likiwa tupu, alipima kardani, akapima pua ya ponti, pale kardani inapoingilia. Kutoka chini ikasikika sauti yake, "Sawa. Karibu sawa kabisa."

"Pandeni," Dorothée akaamuru.

Wakapanda mmoja baada ya mwingine, gari likashuka nyuma. Fundi akapima tena. Kisha Nasibu akasema neno kwa Kiswahili cha Kasongo, kwao Maniema, ambalo hakuna mama aliyelielewa.

"Nini?" akauliza Dorothée.

"Shukeni. Taratibu, mumoja mumoja. Halafu mupande tena."

Wakashuka, wakapanda. Wakashuka, wakapanda. Mara ya tatu Dorothée hakuweza kuvumilia, akavua viatu, akajipenyeza chini na kitambaa chake kizuri, akalala kwenye vumbi kando ya yule fundi.

Nasibu akamwonyesha kwa kidole. Kila upande kulikuwa na mkono wa chuma, mrefu kama mkono wa mtu mzima, unaotoka kwenye mwili wa gari na kuishika ponti isiende mbele wala nyuma. Mikono ile haikuwa chuma kizima. Ilikuwa bati nene lililokunjwa kama mfereji wa paa, likiwa wazi upande wa chini. Miaka na mizigo vilikuwa vimeilegeza. Mwanamke mmoja alipokaa, mkono wa kushoto ulipinda kidogo. Alipokaa wa tano, ulipinda kama kijiko, na pua ya ponti ikainuka ikatazama juu. Ile mipira ya kwenye ncha za mikono, pete laini zilizopaswa kuwa mviringo, ilikuwa imelala ubavu kama yai.

"Tofauti ni digri saba," Nasibu akasema. "Bila bantu, moja. Na bantu, saba. Mama, motokari yako haina uchawi."

Dorothée alitoka chini ana vumbi hadi kwenye nyusi, na akacheka peke yake mpaka wenzake nao wakacheka.

Mathieu aliposikia habari ya kuchomelea, hakucheka. Alikuja Alhamisi asubuhi kwa miguu, amevaa koti lake la zamani la kazi, akakuta Nasibu ameshafungua mkono wa kushoto na kutoa mipira yake ili isiungue.

"Kijana," akasema, "chuma kilichochoka, ukipitisha moto, kinakatika kando ya moto. Niliona vile mu mabehewa. Si mara moja."

"Ni kweli, baba," akajibu Nasibu. "Kama kiko na ufa ndani."

"Ulitafuta ufa?"

"Niliangalia na macho."

Mathieu akavua koti lake. Akaomba mafuta ya taa kidogo, kitambaa safi na kipande cha chaki. Akausugua mkono ule kwa brashi ya waya mpaka ukawa mweupe, akaupaka mafuta ya taa, akangoja. Akaupangusa ukawa mkavu. Kisha akausiriba chaki pembeni kote, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto poda. Watu watatu wakainama juu ya kile chuma. Haukupita muda, kwenye chaki nyeupe, kando ya tundu la skrubu, mstari mweusi ukaanza kujichora wenyewe. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yanarudi nje. Mstari ulikwenda, ukakunja kona, ukafika urefu wa kidole.

Nasibu akapiga goti. Hakuwahi kuuona ufa ule, na alikuwa ameukamata mkono ule tangu asubuhi.

"Fungua na wa pili," akasema Mathieu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Macho yaliyoshindwa na vumbi yalikuwa yameona.

Wa kulia nao ulikuwa na ufa, mfupi zaidi. Dorothée alihesabu mara ngapi alikimbia na watu wanane juu ya vyuma vile. Lakini hakumaliza kuhesabu, kwa sababu wanaume wawili walikuwa wameshaanza kubishana kwa raha, kama marafiki wa zamani.

"Toboa tundu ndogo pale ufa unaishia," Mathieu alikuwa anasema. "Pale kwenye ncha kabisa. Ufa ukifika ku tundu, unasimama. Bila tundu, utachoma juu, ule ufa utatembea chini."

"Nitatoboa. Halafu nitaziba ufa, halafu nitafunga mufereji wote."

"Kufunga namna gani?"

Nasibu akachukua kipande cha bati nene alichokuwa amekata, akakiweka chini ya mkono, akafunika ule uwazi wote. Mfereji ukawa sanduku. "Jaribu kupinda karatasi iliyokunjwa hivi," akasema, "halafu jaribu kupinda boksi la viberiti. Njo ile tofauti."

Akaufunga mkono kwa vibano juu ya kipande cha reli kilichonyooka, ili moto usiukunje. Alichoma urefu wa kidole gumba upande huu, akahamia ncha ya pili upande ule, akachoma tena kidogo, akangoja upoe. Dorothée alipoleta ndoo ya maji apooze haraka, wanaume wote wawili wakasema "hapana" kwa pamoja. Chuma kilipaswa kupoa chenyewe. Umeme ulikatika katikati ya mkono wa pili. Nasibu akavuta waya hadi kwenye jenereta ya jirani mwenye mashine ya kusaga, na kwa saa nzima watu waliokuja na mahindi yao walikaa wakitazama cheche, bila kugombana. Mwisho akatoboa tundu dogo chini ya kila sanduku ili maji ya mvua yasikae ndani, akapaka rangi.

Mipira mipya Dorothée aliipata dukani kwa mzee Yakubu, baba wa Nasibu, ndani ya katoni iliyokuwa chini ya katoni nyingine sita. Alirudi nayo anakimbia, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, sokoni, mchana kweupe.

Ijumaa saa tisa alasiri walijaribu. Kwaya ilipanda, Nasibu akakaa kwenye nafasi ndogo ya mizigo nyuma kabisa, magoti yake kidevuni. Kwenye barabara ya Base, Dorothée akapita hamsini. Sitini. Kimya. Mtu akaanza kupiga makofi.

"Ngojeni," akasema Dorothée.

Kwenye sitini na nane ikaja. Ilikuwa nyembamba, ya mbali, lakini ilikuwa ileile.

Mama Salomé aliangalia nje ya dirisha. Kesho asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya kuondoka.

"Haikupona," mtu akanong'ona.

"Imepona nusu," akasema Dorothée, na hakuwa anawafariji. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. "Nasibu, sauti ni moja. Imeanza mwendo wa juu, na nguvu yake imepungua. Haiko kitu kipya. Ni kile kile, kimebaki kidogo."

Nasibu, kutoka nyuma, alikuwa anatazama kitu kingine. Kutoka pale alipokaa aliona jinsi gari lilivyoinama, nyuma ikiwa chini kuliko mbele.

"Resori," akasema, yaani zile springi zinazobeba mwili wa gari. "Mikono haipindi tena. Lakini resori zimechoka, motokari inakaa chini sana, na ponti inageuka kwa sababu ya kukaa chini. Mama, rudi haraka. Jua likiwepo bado."

Walirudi mbio, kwaya nzima ikimsaidia kwa kumhimiza. Nasibu akakata pete mbili za chuma kutoka kwenye bomba nene, akazisawazisha mpaka zikalingana, akaziweka chini ya zile resori mbili za nyuma, gari likiwa limeinuliwa kwa kriki na kulazwa juu ya mataruma. Mathieu alishika kila pete akaigonga kwa nyundo yake ndogo, sikio karibu. Zote mbili zilitoa mlio safi. Akatikisa kichwa kukubali. Kipimapembe, gari likiwa na watu wote, kilisema digri mbili kasoro.

Hakukuwa na nafasi ya kujaribu tena siku ile. Wangejaribu wakiwa wameshaondoka.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, walikuwa wote mlangoni kwa Dorothée, wamevaa kitambaa kimoja cha bluu, na vyakula vya njiani vimefungwa. Nasibu alikuja baada ya sala ya alfajiri, na mkoba wa funguo na kipande cha waya.

"Na weye unaenda?" akauliza Mama Salomé.

"Kazi yangu iko chini ya motokari," akasema. "Ninaifuata."

Mathieu hakupata nafasi garini. Alimfungia mkewe mlango, akaweka mkono dirishani. "Ukisikia kitu, simama," akasema. "Hata kama ni kidogo. Weye unasikia kuliko minyi mwenyewe."

Hakuwa amewahi kumwambia hivyo katika miaka yote ya ndoa yao. Dorothée aliingiza gia haraka ili mumewe asione anavyofurahi.

Nje ya mji barabara ilikuwa nyekundu na pana, imesawazishwa kiangazi kilipoanza. Hamsini. Mazungumzo yakapungua. Sitini. Yakaisha. Wanawake saba na mwanamume mmoja walikuwa wanapumua kama watu walio ndani ya kanisa kabla ya kengele. Sitini na nane. Mawe madogo yaligonga chini ya sakafu, upepo ulipuliza mlangoni. Sabini. Sabini na tano.

"Salomé," akasema Dorothée, "tafuta ile noti."

Salomé akashusha sauti yake mpaka chini kabisa, akaishika. Wote wakasikiliza. Sauti yake ilikuwa peke yake. Hakuna kilichoijibu.

Akaendelea kuishika, kwa sababu hakutaka kuiacha, na mwenzake wa kando akaweka sauti ya pili juu yake, na mwingine ya tatu, na kabla ya kufika mto wa kwanza walikuwa wameshaimba wimbo mzima wa kuingilia, na Nasibu akipiga mdundo kwenye kifuniko cha mizigo. Mara moja tu walisimama, kwa sababu Dorothée alisikia tiki-tiki ndogo. Ilikuwa kifuniko cha sufuria.

Walifika Kaniama saa kumi alasiri, wekundu wote kwa vumbi. Watu wa parokia walikuwa wamejipanga kuwapokea, na padri mtarajiwa mwenyewe alikuja mbio na kanzu imekunjwa mkononi, akamkumbatia mama yake mpaka kitambaa kikakunjamana. Nasibu hakumsalimu mtu. Alikuwa ameshalala chini ya gari. Alipitisha vidole kwenye kila mshono, akasukuma mikono ya chuma, akakaza skrubu moja nusu mzunguko. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyepewa habari njema kwa barua.

"Imeshika," akasema.

Jumapili waliimba. Padri mtarajiwa alipolala kifudifudi mbele ya altare, Mama Salomé alitakiwa kuanza peke yake, na Dorothée aliogopa machozi ya mama yangemkatiza. Hayakumkatiza. Alianza chini kabisa, pale alipojua njia, na wengine wakapanda juu yake, na kanisa lote likatulia mpaka mtoto aliyekuwa analia mgongoni kwa mama yake akanyamaza.

Baada ya misa, watu wakielekea kwenye chakula, mwanamume mmoja wa makamo alimsogelea Dorothée. Alijitambulisha kwa jina la Éliézer, msafirishaji wa mahindi, mwenye gari dogo la mizigo la zamani.

"Mama, samahani," akasema. "Ule soudeur, ule mchomelea wenu, anasema weye njo unasikia ugonjwa wa motokari. Yangu iko natetemeka tangu mwaka jana. Banasema ni pneu."

Dorothée alimtazama Nasibu, aliyesimama kando ya gari la yule mtu na mikono yake tayari ina grisi. Chakula kilinukia. Wenzake walikuwa wanamwita mezani.

"Inatetemeka ikiwa na mahindi, ao tupu?" akauliza.

Éliézer akafikiri. "Sijawahi kuangalia."

Dorothée akakusanya kitambaa chake cha bluu, akapanda kiti cha mbele cha gari la Éliézer, akafunga mlango. Nasibu akarukia nyuma, juu ya magunia.

"Endesha," Dorothée akamwambia Éliézer. "Mwendo ule inaanza, ubaki pale. Na usiseme kitu."